Mashine Iliyokata Pumzi

Mashine ilizimika tena. Haikutoa onyo. Kioo cha kompyuta kiliingia giza, feni ndogo ya ndani ikazunguka kwa uvivu kisha ikasimama, na sebuleni ikabaki sauti ya Sajenti tu, akipumua kwa pua.

"Umeona, Afande," alisema fundi wa polisi. "Nilikwambia kituoni, ukasema tuirudishe nyumbani kwa huyu kijana tujaribu tena. Nimejaribu tena."

Inspekta aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amesimama katikati ya sebule akizungusha pete kidoleni, na macho yake hayakutua mahali. Kituoni walimwita Mama Kwa Nini, maana hakuna aliyewahi kumaliza sentensi mbele yake bila kuulizwa sababu, hata mpishi wa kantini aliyezidisha chumvi. Viti vilikuwapo vitano, vyote vimepangwa vizuri ukutani, na yeye tangu aingie hajakikalia hata kimoja.

Alikuwa na haki ya kuhangaika. Mkuu wa kituo alishamwambia jalada liwe mezani kwake kabla ya adhuhuri, na alasiri kijana apelekwe mahakamani kusomewa shitaka la kutaka kumuua bibi yake mzaa baba na kumwibia bangili. Kijana mwenyewe alikuwa hapohapo, juu ya kigoda karibu na mlango, pingu mikononi. Mtaani walimwita Picha, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupiga video za arusi. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake kana kwamba ndivyo vitakavyomtetea.

Mambo yenyewe yalianza juzi. Jioni ya siku hiyo Shangazi yake Picha, anayepika katika jiko la shule, alirudi kazini akamkuta mama yake sakafuni kando ya kitanda, hana fahamu, nguo zimelowa jasho. Kila mtu alidhani ameanguka, kwani wazee huanguka. Picha akambeba mgongoni mpaka garini, akaenda naye hospitali, na hakurudi tena nyumbani. Habari zikaenea, majirani wakaja kutoa pole, na nyumba ikafagiwa, ikapigwa deki, ikapangwa kama inayomngoja mkwe. Ni kesho yake ndipo daktari aliposema lile jeraha la kisogoni si la kuanguka. Bibi alipigwa na kitu kizito. Shangazi akakimbilia kufungua kabati la mama yake, na bangili mbili za dhahabu hazikuwamo.

Kwa hiyo polisi waliingia kwenye nyumba ambayo kila alama ilikwisha kufutwa kwa maji na sabuni. Walichobaki nacho ni maneno. Picha alisema mchana kutwa alikuwa sebuleni, mbele ya kompyuta, hedifoni masikioni, akiitoa, yaani kuikamilisha, video ya arusi moja ndefu, na hakuinuka mpaka jua linazama. Video ilikuwamo kweli ndani ya mashine, na saa iliyoandikwa juu yake ilikuwa ya magharibi. Lakini fundi alisema saa ya kompyuta hata mtoto wa shule anaweza kuirudisha nyuma. Tena alisema mashine ile haiwezi. Ukiipa kazi nzito kama ile, robo saa haipiti, inapata joto na kujizima yenyewe.

Na juu ya hayo kulikuwa na shahidi. Mpangaji wa vyumba vya uani, karani mstaafu ambaye watu walimpachika jina la Mstaarabu kwa jinsi anavyoamkia mpaka paka, alisema mchana ule alichungulia sebuleni akitafuta gazeti. Hakuona mtu. Kompyuta ilikuwa imezimwa na kufunikwa kitambaa chake cha tausi.

"Shahidi wa macho, mashine mbovu, kijana mwongo," Sajenti alihesabu huku akijikalisha vizuri. "Tunangoja nini, Afande?"

"Kwa nini inapata joto?" Inspekta alimwuliza fundi.

"Vumbi. Sijaifungua, ila huhitaji kufungua. Ukiweka mkono hapa nyuma utadhani ni jiko."

"Hujaifungua. Kwa nini?"

Fundi alitaka kusema kwamba nyumba ikiungua huhitaji kuonja majivu, lakini akamtazama usoni akaghairi. Alitoa bisibisi, akalilaza kasha la kompyuta juu ya meza, na kutafuta skrubu mbili za nyuma zinazoshika bamba la ubavuni. Hazikuwapo. Bamba lilikuwa limeegeshwa tu kwenye mfereji wake. Alipolivuta, lilitoka bila ubishi.

Ndani palikuwa na miaka. Juu ya ubongo wa mashine kulikuwa na chuma chenye mapezi membamba, kazi yake ikiwa kunyonya joto ili feni iliyo juu yake ilipulize nje. Lakini mapezi hayakuonekana. Vumbi lilikuwa limejisokota katikati yao, limekuwa blanketi la kijivu, na upepo wa feni ulikuwa ukiligonga na kurudi ulikotoka. Fundi alicheka kwa ushindi, akanyoosha mkono kwenye mkoba wake kutoa brashi na blowa, kile kidude cha kupulizia.

"Usiguse," Inspekta alisema.

Aliwasha tochi ya simu, akainama mpaka pua yake ikakaribia nyaya. Katika mapezi, kweli, vumbi lilishikamana. Lakini kwenye ubao mpana wa kijani, ule unaotazama ubavu uliofunguliwa, mambo yalikuwa mengine. Nusu ya ubao ilikuwa safi, imefagiliwa. Vumbi lake lote lilikuwa limesukumwa upande mmoja na kulundikana ukutani mwa kasha, kama takataka ambazo mfagiaji mvivu amezirundika pembeni akaenda zake.

Alimwuliza fundi kama feni ya mashine yenyewe inaweza kufagia hivyo. Fundi, ambaye sasa alikuwa ameacha kucheka, alisema hapana, ile ndogo inapuliza kwa pembeni na haina nguvu hiyo. Upepo uliofanya kazi ile ulitoka nje, tena ulikuwa mkali, na ulivuma kwa muda mrefu. Inspekta akamwuliza ungeingia vipi. Wote wawili wakalitazama lile bamba lisilo na skrubu.

Inspekta aligeuka. Alivuka sebule kwa hatua tatu kubwa, akachuchumaa mbele ya kigoda.

"Uliifungua ubavuni," alimwambia Picha kwa sauti ya chini. "Ukaweka feni kubwa ipulize ndani. Ndiyo maana ilifanya kazi mchana kutwa bila kuzimika. Sasa niambie kwa nini umekaa mahabusu tangu jana na hukulisema jambo hilo, nalo ndilo linaloweza kukutoa."

Picha aliuma mdomo. Shangazi, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jiko mikono kifuani, alijisogeza mbele.

"Mficha uchi hazai, mwanangu," Inspekta aliongeza.

"Feni haikuwa yangu," Picha alisema hatimaye. "Ilikuwa ya Bibi."

Akayatoa yote, akiwa bado anatazama miguu yake. Video ilitakiwa jioni ileile. Mashine ilimzimikia mara ya kwanza, ya pili, na kila ikizimika kazi inaanza upya. Bibi alikwisha kula, amelala, na feni yake ya kusimama inampepea. Aliingia kwa kunyata, akaichomoa, akatoka nayo. Alijiambia ataichukua kidogo tu. Akavaa hedifoni, feni ikanguruma, video ikatembea, na yeye akasahau. Aliposikia Shangazi anapiga kelele chumbani, na kumwona Bibi amelowa jasho sakafuni, alijua moja kwa moja kwamba joto ndilo lililomwamsha, akainuka kutafuta hewa, akaanguka. Usiku kucha aliamini hivyo pale hospitali. Kisha daktari akasema amepigwa, polisi wakaja, na yeye akaona kwamba akisema aliingia chumba kile mchana ule, amejifunga kamba mwenyewe.

"Nilimnyang'anya Bibi yangu hewa nikaipa mashine," alisema. "Ningeanzia wapi kulisema hilo mbele ya Shangazi?"

Shangazi aligeuza mgongo. Alirudi jikoni, na walisikia bomba likifunguliwa na maji yakimwagika kwa muda bila chombo chini yake.

Sajenti alikohoa. Alisema ni hadithi ya kuhuzunisha, ila sasa kijana amekiri mwenyewe kwamba aliingia chumbani, na Mkuu atafurahi. Inspekta alimwambia akalete hiyo feni. Ilikuwa chumbani kwa Bibi, imesimama kando ya kitanda, waya umekunjwa na kufungwa kwa adabu. Waliiweka mbele ya kasha lililo wazi, bila kutoa hata chembe ya vumbi, wakawasha vyote viwili. Fundi akaipa mashine kazi ileile ya kutoa video, akakunja mikono.

Hapo ndipo subira ya Inspekta ilipofika ukingoni. Alikwenda dirishani, akarudi. Alipanga upya viatu vilivyokuwa mlangoni. Alishika mgongo wa kiti kana kwamba atakaa, akakiacha. Simu yake ilinguruma mfukoni, na hakuhitaji kuitazama kujua ni Mkuu. Robo saa ikapita. Feni ilivuma, karatasi za kalenda zikapepea ukutani, na ule mstari mdogo kwenye kioo ukaendelea kusogea. Nusu saa ikapita, na mashine haikukata pumzi.

"Basi iliweza," fundi alikubali, kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge. "Nilikosea. Niliijaribu ikiwa imefungwa, kama tulivyoikuta."

"Kuweza si kufanya," Sajenti alisema. Hakuwa mjinga yule mtu, alikuwa mzito tu. "Labda aliijaribu hivyo siku nyingine. Mstaarabu alipita mchana akaiona imefungwa, imezimwa, imefunikwa. Mmoja wao anadanganya, Afande, na mmoja wao amevaa pingu."

Kweli hiyo ilimchoma Inspekta, kwa sababu ilikuwa na mantiki. Alitazama huku na huku akitafuta kitu cha kushika, mkono wake ukaangukia kile kitambaa kilichokuwa kimekunjwa juu ya kiti. Ni wao waliokiondoa juu ya kompyuta siku walipoichukua, na leo walirudi nacho pamoja nayo. Kilikuwa kizuri sana. Kimefumwa kwa mkono, cheupe, tausi wawili wa uzi wa buluu wanatazamana, pindo lake lina vishada. Alikinyoosha juani dirishani, na hakuona doa. Alikipitisha kidole, na kidole kikarudi kisafi. Nyumba hii ilikuwa na vumbi la kufuma blanketi ndani ya kompyuta, na kitambaa kilichoifunika kilikuwa hakina hata unyoya. Alikinusa. Kilinuka dawa ya nondo.

Alikwenda nacho jikoni akafunga mlango. Sajenti na fundi walisikia sauti yake ikiuliza, na ya Shangazi ikijibu, fupi fupi, kisha ikirefuka. Alipotoka, hakuwa tena anazungusha pete.

"Kamwite Mstaarabu," alimwambia Sajenti. "Mwambie tunaomba msaada wake. Na wewe fundi, sasa safisha."

Fundi alihamishia kasha barazani, vumbi lisije likairudia sebule. Mlango ulikuwa wazi, na kila alichofanya kilionekana. Alipuliza kwa blowa, na wingu la kijivu likatoka likaelekea barabarani. Kila alipopuliza, alishika pangaboi la feni ndogo kwa kidole ili lisizunguke hovyo na kujiharibu. Alipitisha brashi katikati ya mapezi, pezi kwa pezi. Kisha akafungua chuma chote, na chini yake ile pesti inayopitisha joto ilikuwa imekauka na kupasuka kama tope la kiangazi. Aliikwangua polepole kwa pamba na spiriti. Alipenda kazi yake, ukimwacha peke yake nayo.

Mstaarabu aliingia na kofia mkononi. Alimwamkia kila mtu kwa zamu, akamwulizia mgonjwa, akamtazama Picha kwa huruma na kusema dunia imeharibika. Inspekta alimvutia kiti. Halafu, Sajenti akashangaa, na yeye mwenyewe akaketi mbele yake, akatulia kabisa.

Alimwomba radhi kwa usumbufu. Alisema kuna jambo dogo tu la kunyoosha kabla kijana hajapelekwa mahakamani, na kwamba neno la mtu mzima lina uzito wake huko. Mstaarabu alisema yuko tayari, haki ni haki. Akasimulia tena: alitoka uani, akapitia ukumbini, akachungulia akitafuta gazeti. Kiti kimesukumwa chini ya meza. Hapana mtu. Kompyuta kimya, imefunikwa.

"Imefunikwa kwa nini?"

"Kwa hicho hapo." Alikinyooshea kofia kitambaa kilichokuwa mapajani mwa Inspekta. "Tausi wawili, uzi wa buluu, na vishada. Macho yangu ni ya kizee, lakini kazi nzuri nikiiona naijua."

"Pengine ulikiona jioni, Mzee wangu," Inspekta alisema kwa upole. "Ulipokuja na majirani kutoa pole. Kichwa cha mtu siku kama ile huchanganya."

Alikuwa amemfungulia mlango wa kutokea, na Sajenti, aliyeanza kufahamu, alijiuliza kwa nini. Mstaarabu aliutazama mlango ule kidogo. Kisha akaufunga mwenyewe.

"La. Jioni nyumba ilijaa watu, nani angetazama kompyuta? Ni mchana. Naapa ni mchana."

Barazani fundi aliacha kukwangua. Inspekta hakugeuza shingo alipomwita Shangazi. Alimwomba amweleze mzee alichomweleza yeye jikoni.

Shangazi alisimama nyuma ya kigoda cha mpwa wake. Alisema juzi, baada ya Mama kupelekwa hospitali, alijua watu watakuja. Akafagia. Kompyuta aliikuta imefunguliwa ubavuni mbele ya feni, vimezimwa vyote, skrubu hazionekani, na taulo kuukuu la kuifunikia siku zote limetupwa kwenye kiti cha pembeni. Akaona aibu wageni waione hivyo. Akaegesha bamba, feni ya Mama akairudisha chumbani ili akirudi asiikose. Halafu akafungua sanduku lake, akatoa vitambaa vya wageni, na hiki cha tausi akaifunikia kompyuta. Jua lilikwisha kuzama.

"Mbona hukusema?" Sajenti alimwuliza.

"Mliniuliza habari za bangili," alijibu. "Usafi wa nyumba yangu hakuna aliyeniuliza."

Mstaarabu alikuwa ameanza kuikunja kofia yake. Alicheka kidogo, kicheko cha adabu.

"Basi nimechanganya siku," alisema. "Uzee huu. Itakuwa nilikiona mchana wa siku nyingine."

"Siku ipi, baba?" Shangazi aliuliza. Hakupandisha sauti. "Kitambaa hiki nilikifuma kwa ajili ya arusi yangu. Mara ya mwisho kutoka sandukuni ilikuwa matanga ya baba yangu mzazi. Wewe ulikuwa hujahamia kwetu."

Hapakuwa na wa kumsaidia. Inspekta aliinama mbele, viwiko juu ya magoti.

"Hukuchungulia sebuleni mchana ule," alimwambia. "Ungechungulia ungemkuta kijana, na feni inavuma. Ulipita mlango wa jikoni, ukijua kijana akivaa hedifoni hasikii. Jioni ukaja kutoa pole, ukakaa ukaitazama kompyuta imefunikwa, na kesho yake tulipokuja ukaona hiyo ndiyo njia ya kumtwika kijana. Kwa nini, Mzee?"

Mstaarabu alivaa kofia yake. Lakini macho yake, kwa nukta moja tu, yalikwenda uani, kwenye mlango wa chumba chake, na Sajenti akainuka kwenye kiti kwa wepesi ambao hakuna aliyejua anao. Alirudi baadaye kidogo na kiatu kimoja cheusi kilichopigwa rangi vizuri. Ndani ya kiatu mlikuwa na soksi, na ndani ya soksi, bangili mbili.

Hakukuwa na pingu nyingine. Sajenti alizifungua za Picha akamfunga nazo mzee, zikiwa bado na joto la mikono ya kijana. Shangazi alizipokea bangili kwa Inspekta, akazitazama, akamrudishia akisema ni ushahidi, si ndiyo, basi azitunze mpaka Mama azidai mwenyewe. Alisema "azidai mwenyewe" mara mbili. Kisha akakaa sakafuni palepale akalia kwa sauti, na hakuona haya, kwa kuwa alikuwa karibu kumfunga mtoto wa kaka yake kwa ufagio.

Fundi aliingia na kasha mikononi. Alikwisha kuweka pesti mpya, kiasi cha punje, akafunga chuma, akatafuta skrubu mbili katika mkoba wake akazikaza ubavuni. Aliunganisha nyaya na kuwasha bila kuombwa. Mashine ilianza kwa sauti ndogo, ya mtu aliyelala vizuri. Inspekta aliweka kiganja nyuma yake, na upepo uliotoka ulikuwa wa baridi kiasi. Simu ilinguruma tena mfukoni mwake. Safari hii aliipokea, akamwambia Mkuu kwamba jalada litachelewa, na mtu ni mwingine.

Alipomaliza aligeuka kumwambia Picha akae aangalie video yake kama imesalimika. Picha hakuwa pale. Alikuwa ameichomoa feni ya Bibi na kuikumbatia, waya ukiburuzika nyuma yake, amesimama mlangoni.

"Afande," aliuliza, "hospitali wanaruhusu mtu kuingia na feni?"

Inspekta alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza hakuuliza kwa nini. Aliuokota ule waya, akaukunja, akamtangulia garini.